Asasi yetu inaingia "mfumo wa kibiashara", mbona akina mama wa chini kabisa ndo wanapotea?

Mwanamoro

Habari zenu wakuu, naomba mawazo na mnivumilie maana ni ndefu.

Nipo kwenye asasi ndogo huku Morogoro, jina naliacha. Tulianza na mbuzi, ile ya kopa mbuzi lipa mbuzi, mama anapewa jike, likizaa mtoto jike anampa mwenzake kwenye kikundi na huyo naye hivyo hivyo. Baadaye mfadhili akatoa mtaji tukaingia kwenye mikopo ya vikundi, elfu hamsini, laki, riba ya kuendeshea ofisi tu, na kila siku ya marejesho kabla hela haijahesabiwa kulikuwa na somo la nusu saa. Siku nyingine lishe ya mtoto, siku nyingine kuandika mahesabu ya genge, siku nyingine haki ya mjane kwenye shamba. Mi ndo nilikuwa nafundisha, kwa hiyo mkiona naandika kwa uchungu mjue nimetokea wapi.

Sasa hela za wafadhili zimekauka. Marekani ilivyosimamisha misaada Januari 2025 sisi hatukuwa tunapokea kwao moja kwa moja, ila asasi zote zilizokuwa zinapokea zikahamia kwa wafadhili wadogo wadogo kama wa kwetu, foleni ikawa ndefu, na andiko letu likarudi na barua ya pole. Bodi ikaleta mshauri elekezi. Akakaa wiki mbili, akaacha ripoti, na mambo yakabadilika mwezi uliofuata. Kila afisa mikopo ana taageti ya mwezi, ana komisheni kwa marejesho, fomu inalipiwa, kuna bima ya mkopo, kuna akiba ya lazima, na lile somo la nusu saa limeondolewa kwa sababu kwenye ile ripoti liliandikwa kama "muda usioingiza kipato".

Sisemi wamefanya kwa ubaya. Mishahara inalipwa kwa wakati, jambo ambalo mwaka juzi halikuwepo, na pikipiki zina mafuta.

Ila Jumatano moja nimeenda kikundi fulani kwenye marejesho. Kuna mama pale anauza mchicha, yupo tangu enzi za mbuzi. Alikuja na 6,000 wakati rejesho lake ni 8,500. Zamani wenzake wangechanga ile 2,500 na wiki inayofuata anarudisha, hata kuzungumzwa haizungumzwi. Siku hiyo mwenyekiti akaangalia chini, akamwambia mama fulani sisi tunataka kuomba mkopo mkubwa awamu ijayo na afisa amesema kikundi chenye doa hakipandi daraja, sasa tukae tukuangalie wewe? Yule mama akazihesabu upya zile elfu sita mbele yetu kama vile zingeongezeka, akaziweka mezani, akafunga kanga yake akaondoka. Awamu iliyofuata jina lake halipo. Kikundi kilikuwa na watu 25 sasa wamebaki 17, nimepiga mstari walioondoka, karibu wote ni wajane au wale wa kibarua cha shamba. Na ukiuliza ofisini nani aliwaondoa, hakuna. Hakuna kikao kilichokaa kikasema tuwatoe maskini. Wametoka tu.

Swali langu, inawezekana asasi isiyo ya faida ikaingiza hela bila kufika huku? Au ukishaingia kwenye biashara lazima ufike huku? Ijumaa ijayo nimepewa dakika kumi mbele ya bodi na sitaki kwenda kulia, nataka kwenda na hoja.

---

Aliyekuwa afisa mikopo

Nimesoma nikasimama nikatembea kidogo ndo nikarudi kuandika. Nimefanya kazi hiyo miaka sita kwenye taasisi ambayo nayo ilianza kama asasi ya misaada, nitakwambia inavyokuwa kutoka ndani.

Mshahara unakuwa mdogo na komisheni ndo inayojaza. Asubuhi unafika ofisini unakuta karatasi ya waliochelewa, na mkopo ukipitisha siku 30 komisheni yako yote ya tawi lako inakatwa, sio ya huyo mteja peke yake. Sasa fikiria kichwa cha mtu kinavyofanya kazi. Kumfikia muuza mchicha na kumfikia mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni bodaboda ile ile, fomu zile zile, kikao kile kile, ila mmoja anakopa laki na mwingine milioni mbili. Gharama ya kumhudumia ni moja na mapato ni mara ishirini. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia acha maskini, wala isingehitajika kuniambia, karatasi ya komisheni ilinielekeza yenyewe na mwaka wa pili nilikuwa nawapita kwenye njia kama siwaoni.

Kuna siku nilimchukulia mama cherehani. Alikuwa na rejesho tatu nyuma. Nilikuja na mgambo wa mtaa na karatasi aliyosaini, kila kitu kihalali. Tunalipakia kwenye bajaji mwanae wa kike akakimbia na kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sindano, sare ya shule ya mtu, nusu imeshonwa. Tukauza cherehani chini ya thamani na deni likabaki pale pale, na yule mama sasa hana cha kulipia. Ukipiga hesabu hata kibiashara ni ujinga, lakini mimi mwezi ule nilifikisha taageti.

Watu mtaani mikopo ya namna hii wanaiita kausha damu na wakisema hivyo wanafikiria vijana wa mitaani wenye laptopu na kadi za benki za watu droo nzima. Mi nakwambia kuna asasi zenye picha ya mama na mtoto ukutani zimefika huko huko kwa njia hii ya komisheni.

Kwa hiyo kwenye bodi usiende na hoja ya riba kwanza. Nenda na karatasi ya malipo ya afisa. Uliza afisa analipwa kwa kitu gani. Akilipwa kwa marejesho tu, yote mengine mliyoandika kwenye katiba ya asasi yanabaki kwenye katiba.

---

Mhasibu wa Kihonda

Mkuu mwanzisha mada nakuunga mkono ila tutenganishe vitu viwili maana watu huwa wanachanganya.

Kwanza sheria haikatazi asasi kuingiza kipato. Sheria ya NGO ya 2002 na marekebisho yake ya 2019 inachokataa ni kugawana faida. Mnaweza kuuza, kukodisha ukumbi, kutoza ada, mradi kinachobaki kinarudi kwenye kazi ya asasi na hakiendi kwa wajumbe kama gawio. Kumbuka 2019 zile zilizokuwa zimesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kama kampuni zisizo na hisa zikitaka kuendelea na kazi za NGO zililazimika kuhamia kwa Msajili wa NGO.

Kuhusu TRA, yaani mamlaka ya mapato, wengi wanadhani cheti cha NGO ni msamaha wa kodi. Siyo. Hadhi ya asasi ya hisani unaiomba kwa Kamishna Mkuu na unaweza ukanyimwa, na mkianza kukopesha kwa riba na ada juu, mtaulizwa vizuri tu hisani iko wapi. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, bodi ijue hilo kabla haijasherehekea mapato. PAYE, ile kodi ya mishahara, inawahusu hata mkiwa na hadhi hiyo.

Halafu mikopo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ina madaraja manne, mkopeshaji asiyepokea amana yuko daraja la pili na anahitaji leseni ya BoT, yaani Benki Kuu, SACCOS la tatu, vikundi vya kijamii la nne. Waulizeni wakubwa wenu leseni iko wapi, na hiyo "akiba ya lazima" mnaishika kwa ruhusa ipi maana daraja la pili hawapokei amana.

Sasa ngoja nikupigie hesabu upeleke kwenye bodi, nimechukua vipengele ulivyotaja nikaweka namba za mfano. Mama anakopa 300,000 wiki 12. Riba asilimia 10 kwa muda wote, yaani 30,000, ukizihesabu wiki hizo kama miezi mitatu uko chini ya kikomo cha BoT cha asilimia 3.5 kwa mwezi na kila mtu anatabasamu. Fomu 10,000, bima 6,000, akiba ya lazima 30,000, zote zinakatwa juu kwa juu. Anatoka mlangoni na 254,000. Analipa 27,500 kila wiki kuanzia wiki ya kwanza, kwa hiyo hiyo hela hakai nayo, inapungua kila Jumatano. Ukitafuta wastani wa alichokuwa nacho mkononi kweli kweli kwa wiki zote hizo, ukishatoa ile akiba mliyomshikia, unapata kama 116,000 tu, na kwa hela hiyo amelipa 46,000, yaani riba, fomu na bima. Hiyo ni karibu asilimia 40 kwa miezi mitatu. Wiki ya mwisho anadaiwa 27,500 na ofisi imeshika 30,000 yake, yaani pale yeye ndo anaikopesha asasi na bado akichelewa anaitwa msumbufu.

Piga na namba zenu halisi. Bodi nyingi hazijawahi kuiona hesabu hii upande wa mteja, zinaona upande wa asasi tu.

---

Mkenya wa Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Hii stori sisi huku tumeiishi kitambo, wacha niwape ya kwetu na za mbali kidogo.

K-Rep, taasisi ya mikopo midogo ya huku kwetu, ilianza 1984 kama mradi wa kusaidia NGO, pesa ilikuwa ya USAID, shirika la misaada la Marekani. Baadaye ikaanza kukopesha yenyewe kwa vikundi, ile mipango ya Juhudi na Chikola, wamama wa mtaa wengi walipitia huko. 1999 ikapata leseni ya benki, ikawa ndiyo NGO inayotajwa kuwa ya kwanza Afrika kugeuka benki ya biashara kamili. 2016 ikabadilisha jina ikawa Sidian Bank. Sasa mimi siwezi kusema ilikuwa makosa. NGO haiwezi kuchukua akiba ya watu, benki inaweza, na mama anahitaji pahali pa kuweka pesa kuliko anavyohitaji deni, hilo watu husahau. Lakini leo ukitafuta ile Juhudi ya vikundi hapo ndani ya benki, uniambie.

Mexico ndiyo ya kusoma zaidi. Compartamos ilianza 1990 kama NGO ya kukopesha wanawake vijijini. Aprili 2007 wakauza asilimia 30 ya hisa kwenye soko, zikaingia zaidi ya dola milioni 400, na hiyo pesa haikwenda kwa mtaji wa kukopesha wamama wengine, ilikwenda kwa wenye hisa waliokuwa wanauza zao. Riba ya mteja ukijumlisha na kodi ilikuwa inakaribia asilimia 100 kwa mwaka. Muhammad Yunus wa Grameen, benki ya mikopo midogo ya Bangladesh, aliyekuwa amepata Nobel mwaka uliotangulia, alilalamika hadharani. Wenyewe walijitetea kwamba bila riba hiyo wasingefikia wateja wengi hivyo, na ni kweli walikua haraka, hilo lazima tukubali.

Halafu India. SKS, nayo ya mikopo midogo, ilianza 1997 kama NGO, Agosti 2010 ikaingia soko la hisa. Oktoba mwaka huo huo serikali ya Andhra Pradesh ikatoa amri ya kuzibana kampuni za mikopo midogo baada ya habari za wakopaji kujiua kwa madeni. Marejesho katika jimbo yakasimama karibu yote. Nafikiria sana juu ya hizo tarehe mbili, miezi miwili tu.

Kitu ninachoona kwa zote, dada au kaka wa Moro, ni kwamba hakuna aliyeamka siku moja akaacha wamama. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri. Leseni ili tuweke akiba, mwekezaji ili tupate leseni, faida ili mwekezaji abaki. Ukiwa bado uko hatua ya komisheni, wewe uko mapema, bado unaweza kuongea.

---

Nesi wa macho

Mnaifanya biashara itishe mpaka mtu aogope. Mimi nipo sekta ya afya na nasema shida sio kutoza, shida ni unamtoza nani.

Someni kuhusu Aravind ya India. Dk. Venkataswamy alishastaafu serikalini, 1976 akafungua hospitali ya macho Madurai yenye vitanda 11. Wanaolipa wanalipa, wasio na uwezo wanafanyiwa bure au kwa bei ndogo sana, na hela ya wanaolipa ndo inabeba hao wengine. Ni mambo ya biashara kabisa, wanapanga upasuaji kama kiwanda, daktari anamaliza mgonjwa mmoja anageukia meza ya pili mgonjwa wa pili ameshaandaliwa. 1992 wakaanzisha Aurolab watengeneze lenzi wenyewe, bei ya lenzi ikashuka mno ukilinganisha na zile za kutoka nje.

Tofauti na nyie ni kwamba pale anayelipa zaidi ni mwenye nacho. Nyie mmeweka ada ya fomu sawa kwa mwenye duka na muuza mchicha, 10,000 kwa mtu wa milioni mbili ni nauli, kwa mtu wa laki ni mboga ya wiki. Mfumo wenu unamfanya maskini ambebe tajiri. Geuzeni hapo kwanza ndo mlaumu biashara.

---

Mama wa kisanduku

Mimi ni mwanakikundi, sio mtaalam, niwaambie na sisi tunavyoona.

Wanangu mnazungumza kama vile wakati wa wafadhili ilikuwa peponi. Haikuwa. Mfadhili alikuwa anakuja na gari mbili, tunaambiwa tuvae vitenge vya sare, tunapigwa picha, hela inatolewa na watu hawairudishi kwa sababu wanajua ni ya mzungu na mradi unaisha Desemba. Mradi ukiisha na mwalimu anaondoka, hata kwaheri hamna. Vikundi viwili hapa kwetu vilikufa hivyo. Kwa hiyo asasi kutaka kujitegemea mimi naiheshimu.

Sisi tuko kwenye vikoba. Kisanduku kina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu wa nyumba tofauti, hela inahesabiwa mbele ya wote, kila mtu anataja kwa mdomo kilichobaki wiki iliyopita ili hata asiyejua kusoma ashike. Riba ipo tena sio ndogo, ila mwisho wa mwaka tunavunja na ile riba inarudi kwetu sisi wenyewe. Mtu akikwama kuna mfuko wa jamii, tunatoa hapo, msiba au mtoto amelazwa. Nasikia mfano huu ulianzia Niger 1991 kwa shirika la CARE, ndo ukasambaa mpaka kwetu.

Ila vikoba havitoshi nasema ukweli. Hela yetu ni ndogo na msimu wa kulima wote tunataka kukopa siku moja. Tulikuwa tunategemea ile asilimia 10 ya halmashauri, isiyo na riba, nne wanawake nne vijana mbili wenye ulemavu. Aprili 2023 ikasitishwa, mpaka 2024 ndo ikarudi na utaratibu mpya. Hapo katikati wenzangu watano waliingia kausha damu, mmoja mpaka leo hakai kwake, kahamia kwa dada yake kule Dumila. Angekuwepo mtu wa katikati mwenye huruma na mahesabu yake, wasingeenda kule. Huyo wa katikati alikuwa asasi kama yenu. Ndo maana usiache kwenda Ijumaa.

Na lile somo mlirudishe. Mimi kuandika mauzo nilijifunzia kwenye somo kama hilo, chini ya mwembe, mtoto mgongoni.

---

Mwanamoro

Asanteni sana, mama wa kisanduku shikamoo, nimesoma ya kwako mara tatu.

Nimefanya mlivyosema. Nimeomba karatasi ya malipo ya maafisa, nimeipata jana. Ina vipengele vinne na vyote ni marejesho na kiasi cha mkopo, hakuna hata kimoja kinachohesabu mteja mpya wa chini ya laki wala mteja aliyebaki. Na hesabu ya mhasibu nimeipiga kwa namba zetu, kwetu imetoka mbaya zaidi kidogo kwa sababu bima tunakata kubwa. Mhasibu wetu mwenyewe alikaa kimya, akaniambia ziwekee jedwali nitasimama nawe. Ya leseni nimeuliza, nimejibiwa "inashughulikiwa", nitaiuliza tena mbele ya bodi.

Kwa hiyo Ijumaa naenda na maombi matatu tu. Komisheni ya afisa nusu yake itokane na idadi ya wateja wadogo waliobaki kwenye kikundi kutoka awamu mpaka awamu. Ada ya fomu iende kwa asilimia ya mkopo na chini ya laki isiwepo kabisa, nesi hilo nimelichukua kwako. Na nusu saa ya somo irudi, nitafundisha mwenyewe bila posho mpaka mwisho wa mwaka kama tatizo ni hela.

Afisa wetu mmoja kijana nilimwonyesha jana, nilidhani atakasirika maana komisheni yake itapungua. Akaniuliza kama yule mama wa mchicha anaweza kurudi awamu ya Machi, kwa sababu ndo alikuwa mteja wake wa kwanza kabisa. Nimempigia mama simu, haipatikani. Kesho asubuhi naenda sokoni kumtafuta kabla jua halijawa kali, huwa anamaliza mchicha saa nne.

---

Aliyekuwa afisa mikopo

Ukimpata usimwahidi mkopo. Mwombe akueleze mbele ya kijana wako siku ile ilikuwaje, halafu yule kijana ndo aingie naye kwenye bodi, sio wewe.